Majina ya Majumba na Wale Waliotufungulia Milango

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa ukumbusho wa jumuiya, Buyenzi, Bujumbura)





Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo, nalo ni majina tuyaandikayo juu ya milango ya majumba ya watu wote: shule, hospitali, zahanati, maktaba, viwanja vya michezo na kumbi za mikutano. Ukumbi wetu mpya umekwisha ezekwa na kupakwa rangi, na hata leo hauna jina. Wako waliosema uitwe kwa jina la mfadhili aliyetoa fedha nyingi kuliko wengine. Wako waliosema uitwe Ukumbi wa Waislamu, basi. Na wako waliosema kwamba jina si kitu maadamu paa halivuji. Mimi nimekuja kuwaomba tufikiri kabla ya kumwita fundi wa kuandika kibao. Rai yangu ni kwamba ukumbi huu, na kila jumba la umma lililo mikononi mwetu, lastahili kubeba jina la mtu wa hapa petu aliyesimama kudai haki ya wenzake wakati ambapo kuidai kulikuwa na gharama. Na chini ya jina hilo paandikwe tendo lake, ili mtoto apitaye ajue sababu.

Ndugu zangu, jina la jumba la umma ni somo lisilohitaji mwalimu. Mtoto hulijua kabla hajajua kusoma kitabu, maana mama yake humwambia, "Twende hospitali fulani," naye hulikariri. Akikua hulitumia kila siku bila kuuliza, na kwa njia hiyo huingiwa na fikra juu ya nani alikuwa mkubwa katika mji wake na nani hakuhesabiwa. Wale waliotutawala walilijua jambo hili vyema sana. Ng'ambo ya ziwa letu, mji wa Kalemie uliitwa Albertville kwa jina la Albert aliyekuwa mfalme wa Ubelgiji. Lubumbashi ikaitwa Elisabethville kwa jina la mkewe. Na Kinshasa ikaitwa Léopoldville. Majina hayo yalidumu hadi mwaka 1966. Kwa jirani zetu wa Rwanda, mji wa Butare, ambao siku hizi wajulikana kwa jina la Huye, uliitwa Astrida kwa jina la Malkia Astrid. Msafiri angaliweza kupita katika nchi hizi zote akadhani kwamba zilijengwa na jamaa moja tu, nayo ni jamaa ya mfalme wa Ubelgiji. Waliobeba mawe, waliofyatua matofali na waliolipa kodi hawakuonekana popote.

Hapa Bujumbura tunazo hospitali mbili zijulikanazo na kila mtu. Moja ni Prince Régent Charles, na ya pili ni Prince Louis Rwagasore. Charles alikuwa ndugu wa Mfalme Léopold wa Tatu, naye alishika mamlaka ya Ubelgiji kwa niaba ya nduguye tangu mwaka 1944 hadi mwaka 1950. Rwagasore alikuwa mwana wa Mwami Mwambutsa wa Burundi. Wagonjwa wetu hulazwa katika hospitali zote mbili, wala sisemi kwamba dawa ya moja ni kali kuliko ya nyingine kwa sababu ya jina. Nasema tu kwamba mtoto akiuliza, "Charles alitufanyia nini?" jawabu ni fupi. Akiuliza, "Rwagasore alitufanyia nini?" jawabu ni refu, nalo laanzia papa hapa tulipokaa.

Wenzetu wa Dar es Salaam nao walikuwa na hospitali iliyopewa jina la mtoto wa mfalme wa ng'ambo. Iliitwa Princess Margaret, kwa jina la ndugu yake Malkia wa Uingereza. Walipopata uhuru wao waliiita Muhimbili, jina la mahali penyewe. Jambo hilo ni jema, kwa kuwa jina la mahali halimwonei mtu. Walakini jina la mahali latuambia tulipo. Halituambii nani alitufikisha.

Yafaa basi tukumbushane habari za Rwagasore, kwa sababu vijana wengi walijua jina lake kwa barabara na kwa hospitali tu. Alizaliwa Gitega mwaka 1932. Alisoma Astrida, kisha akaenda kusoma Antwerp katika Ubelgiji, akarudi nyumbani mwaka 1956. Mtoto wa mfalme aliyerudi kutoka Ulaya angaliweza kukaa katika starehe na kungojea cheo. Yeye hakufanya hivyo. Mwaka 1957 alianza kuunda vyama vya ushirika, na kimojawapo kilikuwa cha wafanya biashara wa Burundi, ili mwenyeji apate kununua na kuuza kwa nguvu zake mwenyewe. Nao ni watu gani aliowaendea katika mji wa Usumbura, kama ulivyoitwa mji huu siku hizo? Aliwaendea wafanya biashara Waswahili. Aliwaendea watu wa Buyenzi.

Kumbukeni hali ya wazee wetu wakati ule. Wengi wao asili yao ni Manyema, na Ujiji, na pande nyingine za ziwa na za pwani, na kwa ajili hiyo walihesabiwa kuwa wageni hata wale waliozaliwa hapa. Mji ulikuwa umegawanywa. Mzungu alikuwa na mtaa wake, na Mwafrika alikuwa na mitaa yake. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na wazazi wengi wa Kiislamu waliogopa kuwapeleka watoto wao, kwa hiyo milango ya kazi za ofisi ikawa migumu kufunguka kwao. Walibaki na biashara ndogo, na ufundi, na soko. Watu wa hali hiyo ndio waliokuwa miongoni mwa wafuasi wa kwanza wa Rwagasore na chama chake cha UPRONA katika mji huu. Yeye hakuwa Mwislamu, wala wao hawakuwa wa ukoo wa kifalme. Kilichowaunganisha ni haki: haki ya kufanya biashara, haki ya kusikilizwa, haki ya kuitwa wananchi wa nchi waliyoishi na kuzikana ndani yake.

Mwaka 1960 Rwagasore aliwahimiza watu wasinunue katika maduka ya Wabelgiji, wala wasilipe kodi, mpaka wasikilizwe. Wala hakuwataka washike silaha. Kwa ajili ya maneno hayo serikali ilimzuilia, na uchaguzi wa mabaraza ya wilaya wa mwisho wa mwaka ule ukapita yeye akiwa kizuizini, na chama chake kikashindwa. Hakukata tamaa, na waliokuwa pamoja naye hawakukata tamaa. Tarehe 18 Septemba 1961 watu walipiga kura tena, na UPRONA ikapata viti 58 katika viti 64. Rwagasore akawa Waziri Mkuu. Hakumaliza hata mwezi mmoja. Tarehe 13 Oktoba 1961, alipokuwa akila chakula cha usiku kando ya ziwa, alipigwa risasi akafa. Umri wake ulikuwa miaka 29. Tarehe 1 Julai 1962 nchi ilipata uhuru, naye amekwisha lala katika kilima cha Vugizo.

Jina lake halikusahauliwa. Lipo juu ya hospitali, lipo juu ya barabara kubwa ya mji, lipo juu ya kaburi lake, na kila mwaka tarehe 13 Oktoba nchi nzima hupumzika kazi kwa ajili yake. Hayo ni haki yake, na chanda chema huvikwa pete. Lakini ndugu zangu, chama cha ushirika hakiundwi na mtu mmoja, na mgomo wa kutonunua haufanywi na mtu mmoja. Pakiwa na mwana wa mfalme asemaye "Msinunue," ni lazima pawepo na mama anayerudi nyumbani na kikapu kitupu siku ile, na mwenye duka anayekubali hasara, na kijana anayepeleka habari usiku, na mzee anayefungua baraza yake ili watu wakutane ilhali anajua kwamba askari wanatazama. Majina ya watu hao yamo vifuani mwa wazee wetu waliosalia. Hayamo juu ya mlango wowote.

Tazameni barabara za Buyenzi. Zina namba: ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea. Namba ni kitu chenye manufaa. Mgeni akiambiwa nyumba iko barabara ya kumi hawezi kupotea. Nami siombi namba hizo zifutwe, kwani tumezizoea na zinatuongoza. Lakini namba haina babu, wala haina wasia. Mtoto aliyezaliwa barabara ya saba hawezi kujifunza kutoka kwa saba jinsi mtu asimamavyo mbele ya dhuluma. Kwa kuwa barabara zetu zimebaki na namba, wajibu wa majumba yetu umekuwa mkubwa zaidi.

Sasa nataka niwajibu wale wenye shaka, maana shaka zao si za kupuuzwa.

Wa kwanza ni wale wasemao: wahenga walisema, tenda wema wende zako, usingoje shukrani, hao waliotangulia walitenda kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, basi tuwaachie thawabu zao huko. Ndugu zangu, methali hiyo aliambiwa mtendaji. Yeye ndiye aambiwaye asingoje. Sisi tuliotendewa hatukuambiwa tusahau. Dini yetu yatufundisha kwamba kuwashukuru watu ni katika kumshukuru Mola, na mtu aliyefunguliwa mlango kisha asimtaje aliyeufungua hasifiwi kwa unyenyekevu wake.

Wa pili ni wale wanaoogopa kwamba tutaingia katika kuwatukuza watu kupita kiasi. Hofu hiyo ina msingi, na Masheikh wetu hufanya vyema kutuonya. Kwa sababu hiyo sikuomba sanamu, wala picha kubwa ukutani, wala sherehe ya kila mwaka yenye kumzunguka mtu mmoja. Tumekwisha zoea kuziita madrasa zetu kwa majina ya masahaba na wanavyuoni, wala hapana aliyeona vibaya, kwa sababu jina limewekwa liwe kumbukumbu na mfano. Kibao chenye jina, na miaka, na tendo moja lililo wazi, ni kumbukumbu ya namna hiyo hiyo. Kikiandikwa kwa ukweli bila kutia chumvi, kitamzuia msomaji asimfanye mtu yule kuwa zaidi ya alivyokuwa.

Wa tatu ni wale wasemao: majina ni siasa, serikali hubadilika, na jina la leo hufutwa kesho. Sikusudii kuingia katika siasa, lakini mfano uko mbele yetu. Uwanja mkubwa wa michezo wa mji huu uliitwa kwa jina la Prince Louis Rwagasore kwa miaka mingi. Mwaka 2019 ulipewa jina jipya, ukaitwa Intwari, yaani Shujaa. Mwaka huo huo uwanja wa ndege ulipewa jina la Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa na wananchi kuwa Rais mwezi wa Juni 1993 na kuuawa tarehe 21 Oktoba mwaka ule ule. Basi tumeona katika mwaka mmoja jina likitolewa mahali pamoja na jina likiwekwa mahali pengine.

Nini fundisho lake? Kwanza, jina lenye kutegemea amri peke yake laweza kuondolewa kwa amri. Jina ambalo watu wa mtaa wanajua sababu yake hubaki vinywani mwao hata kibao kikishushwa. Pili, neno Shujaa ni neno zuri, lakini halina uso. Kila mtu aweza kulivaa. Baada ya miaka hamsini, mtoto akiuliza ni shujaa gani, kila mmoja atamjibu apendavyo. Jina la mtu aliyeishi, pamoja na mwaka na tendo lake, haliwezi kuvaliwa na mwingine. Na hili ndilo jawabu langu kwa wale watakao ukumbi wetu uitwe Ukumbi wa Waislamu tu. Waislamu gani? Wa lini? Waliofanya nini? Jina lililo pana mno huwaficha wale wale tunaotaka kuwakumbuka.

Wa nne ni wale wanaomtaja mfadhili. Hapa nataka niseme kwa adabu, kwa kuwa bila ya wafadhili tungekutana leo chini ya mwembe. Mtu aliyetoa mali yake kwa ajili ya jumba la watu amefanya jambo kubwa, na jina lake liandikwe katika daftari la jumuiya, na katika jiwe la msingi, na aombewe dua. Lakini mlango wa mbele ni mahali pa funzo. Tukiuweka mlango huo kwa atoaye fedha nyingi zaidi, tutawafundisha watoto wetu kwamba heshima hununuliwa, na kwamba mama wa kikapu kitupu, kwa kuwa hakuwa na fedha, hakuwa na kitu cha kutoa. Naye alitoa. Alitoa usalama wake. Nina yakini kwamba mfadhili mwenye nia njema, akielezwa hivyo, atakuwa wa kwanza kukubali.

Wa tano, na hao ndio wengi, ni wale wanaoogopa ugomvi. Watasema: tukianza kutaja majina, kila ukoo utaleta babu yake, na kila babu atakuwa na kasoro iliyokumbukwa na jirani. Ni kweli. Wanaodai haki ni watu kama sisi, na maisha yao huwa na pande nyingi. Lakini watu wa Dar es Salaam wametuonyesha kwamba jambo hili laweza kufanyika. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1926, alikuwa mwanamke wa Kiislamu aliyejulikana kwa uimbaji katika ngoma za wanawake. Mwaka 1955 aliingia katika kazi ya kuwaandikisha wanawake katika TANU, akapita nyumba kwa nyumba na mji kwa mji, akasimama mbele ya mikutano katika zama ambazo wengi waliona haya mwanamke kusema hadharani. Baada ya uhuru aliingia katika matatizo makubwa. Alishitakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, kisha akasamehewa na kuachiliwa mwaka 1972. Alifariki mwaka 2000. Leo hii moja katika barabara kuu za Dar es Salaam yaitwa kwa jina lake. Waliompa jina hilo hawakusema kwamba kesi haikuwako, wala hawakungoja apatikane mtu asiyewahi kuingia katika kesi. Walipima alichowafungulia wenzake, wakaona ni kizito.

Mfano huo una faida nyingine kwetu. Katika majina yote niliyokwisha kuyataja juu ya majumba na barabara za mji wetu, hamna jina la mwanamke wa hapa. Tukianza kukusanya majina, tusiende barazani tu kwa wanaume. Twende na jikoni, na sokoni, na kwa akina bibi wanaokaa na wajukuu wao. Huko kuna nusu ya habari.

Sasa nataka nitaje mizani tutakayopimia, ili ugomvi upungue. Naona yatutosha mambo manne.

La kwanza, awe mtu wa hapa petu. Wakubwa wa mataifa wamekwisha kuheshimiwa na mataifa. Sisi tumtafute yule ambaye kama hatukumtaja sisi, hapana mwingine atakayemtaja.

La pili, liwepo tendo moja lililo wazi lililowafungulia wengi mlango: aliyewafundisha watoto kusoma wakati shule ilipokuwa mbali nao, aliyesimama mbele ya bwana mkubwa akawatetea wenzake waliotaka kufukuzwa, aliyeweka nyumba yake iwe mahali pa mkutano, aliyegoma kununua akavumilia njaa. Wema wa jumla hautoshi. Kila marehemu husifiwa kwa wema wa jumla.

La tatu, tendo hilo liwe na mashahidi. Apatikane zaidi ya mtu mmoja mwenye kulieleza, tena wasiwe wote wa nyumba moja. Maneno yao yaandikwe, yasomwe mbele yao, nao wakubali kwamba ndivyo walivyosema. Sisi ni watu tuliofundishwa thamani ya ushahidi na thamani ya mlolongo wa wapokezi. Tusiache mafundisho hayo pale tunapoandika habari za wazee wetu wenyewe.

La nne, kazi ya jumba na kazi ya mtu zifanane. Mwalimu apewe chumba cha kusomea. Mkunga aliyezalisha wanawake wa mtaa bila kuuliza dini wala kabila apewe zahanati. Mfanya biashara aliyelinda haki ya wenzake apewe ukumbi wa mikutano au soko. Jina likilingana na kazi, mtumiaji wa jumba hulikumbuka bila kulazimishwa, na mfanyakazi wa jumba hilo hupata kipimo cha kujipimia. Daktari anayeingia kila asubuhi chini ya jina la mkunga aliyewahudumia maskini bure atapata taabu kidogo kumfokea maskini.

Jambo hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote niliyosema. Jumba lililopewa jina la mtetezi wa haki limewekwa chini ya sharti. Tukiandika juu ya ukumbi wetu jina la mtu aliyefukuzwa mahali kwa sababu ya asili yake, kisha sisi tukamzuia mtu mwingine mlangoni kwa sababu ya asili yake, au kwa sababu ni maskini, au kwa sababu ni mgeni aliyekuja juzi kutoka ng'ambo ya ziwa, basi jina lile litakuwa shahidi juu yetu. Ni afadhali kubaki na mlango usio na jina kuliko kuwa na jina linalotushitaki. Anayetaka heshima ya wazee hapana budi akubali na mzigo wao.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, naleta mbele ya mkutano huu maombi matatu.

Ombi la kwanza: iundwe kamati ndogo ya watu saba, na kati yao wawemo wanawake wasiopungua watatu na vijana wawili wajuao kuandika vizuri, nayo ipewe kazi ya kuwatembelea wazee wote wa Buyenzi waliokuwa watu wazima au vijana siku za uhuru. Fanyeni hesabu wenyewe. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1961 amekwisha pita miaka 80. Kila mvua za masika zinapokuja na kwenda, tunawazika wengine, na kila mmoja huondoka na majina ambayo hakuulizwa. Paa la ukumbi laweza kungoja rangi ya pili. Wazee hao hawawezi kungoja.

Ombi la pili: mpaka kamati itoe taarifa yake, kibao cha ukumbi kibaki kitupu, na asiandikiwe mtu yeyote, awe mfadhili au kiongozi. Taarifa isomwe mbele ya wote, majina yajadiliwe kwa mizani tuliyokubaliana, na uamuzi ufanywe na mkutano. Majumba yaliyo mikononi mwetu hayahitaji ruhusa ya mtu mwingine. Kwa yale yaliyo chini ya mamlaka ya mji, tutapeleka maombi kwa adabu na kwa ushahidi ulioandikwa, nasi tutakuwa na nguvu ya kusema kwa sababu tutakuwa tumeanza nyumbani.

Ombi la tatu: kibao kiandikwe kwa Kiswahili na kwa Kirundi. Kiandikwe jina, miaka ya kuishi, na tendo kwa maneno yasiyozidi mistari mitatu, na kiwekwe chini kiasi cha mtoto wa darasa la pili kuweza kukisoma. Majina mengi hutundikwa juu mno, na asomaye ni ndege tu.

Ndugu zangu, wazee wetu waliitwa wageni, na wageni hao wakaisaidia nchi hii kusimama kwa miguu yake. Walikuwa na maduka madogo na mioyo mikubwa, na mwenzao mmoja, mwana wa mfalme, ameandikwa juu ya mawe. Haki yao waliobaki iko katika mikono yetu, na muda wa kuitimiza ni mfupi. Mwenye bibi au babu aliyeziona siku zile, na akamwulize usiku wa leo, kabla ya kulala: nani alikuwapo pamoja nawe, na alifanya nini? Jawabu aliandike, alilete kwa katibu wa jumuiya.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, awape afya na umri wazee waliosalia, na atujaalie sisi tuwe watu wenye kukumbuka na wenye kustahili kukumbukwa. Amin.